Shangazi aliukataa mchi wa chapati mara tatu

Mi kazi yangu ni kukereza, yaani kuchonga mti kwa patasi huku unazunguka kwenye mashine. Ukipita Keko hapa Dar ukaona nguzo za ngazi zimeegeshwa ukutani zimejipanga kama wanafunzi mstarini, na miguu ya vitanda na makochi ile yenye mabonge na shingo na pete, basi ndo kazi zetu hizo. Nimezifanya miaka mingi mpaka mkono unachora wenyewe, yaani naweka mti kwenye mashine na kabla sijafikiria lolote patasi ishakata pete ya kwanza. Nayasema haya mapema ili muelewe kwa nini kimti cha kusukumia chapati kilinitoa jasho mwaka jana kuliko ngazi nzima ya ghorofa.

Nilikwenda Tanga kumsalimia shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Nikamkuta jikoni anasukuma chapati na mchi uliofungwa uzi katikati kama mguu uliovunjika. Wengine mnaita kisukumio, kwetu ni mchi tu, jina moja na ule wa kwenye kinu. Aliununua duka la Muhindi pale mjini kabla mimi sijazaliwa, umekula mafuta mpaka umekuwa mweusi unang'aa, na umepasuka toka ncha moja hadi karibu nusu, ndani ya ufa unga umekauka sijui wa mwaka gani. Akaniangalia akasema, "Baba, si unafanya kazi ya miti wewe? Hebu nitengenezee mwingine kama huu." Nikamjibu shangazi hiyo ni kazi ya nusu saa.

Nusu saa jamani. Iliisha baada ya miezi mitano.

Mchi wa kwanza nilitumia mninga, kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu. Mninga ni mti mzuri sana kwa mashine, haukatikikatiki, na ukishakauka hauchezi sana, ndo maana makabati ya mninga ya wazee mpaka leo milango inafunga vizuri. Nikaufanya kwa raha zangu. Pete tatu kila upande, shingo nyembamba, bonge zuri la duara kila mwisho pa kushikia, halafu vanishi ya kung'aa mara mbili. Nikaupiga picha nikaweka status, watu wakaweka mioyo, nikaufunga kwenye gazeti nikautuma na basi la asubuhi.

Baada ya wiki tatu simu. Shikamoo shangazi. "Marahaba baba, mzigo niliupata. Sasa nikuulize, hili ni tendegu la kitanda gani?"

Kwa wasiojua, tendegu ni mguu wa kitanda cha kizamani cha huku pwani, vile vitanda vya juu ambavyo bibi harusi alikuwa anavipanda kwa kigoda, na miguu yake ilikuwa ya kukereza, imejaa mabonge na pete. Lamu na Siyu huko mafundi walisifika kwa useremala kama huo. Kwa hiyo shangazi kwa neno moja alinipiga penyewe, maana hiyo kazi ya pete ninayoringia mimi ina ukoo, na ukoo wake ni chumbani, jikoni haikutumwa na mtu. Akanieleza taratibu. Unga wa ngano unaingia kwenye zile pete, ukikauka hautoki, inabidi achokoe kwa njiti ya kiberiti kila akimaliza kupika. Na zile shingo ndo kabisa, mkono unataka kuteleza kwenye mchi mzima, sio kushikilia kama usukani wa baiskeli. Halafu akasema vanishi imeanza kutoka, ameona kigamba kwenye donge, akakitoa akadhani ni ukucha wake.

Hapo nilijisikia vibaya kweli. Vanishi inakaa juu ya mti kama ngozi. Kwenye nguzo ya ngazi hamna tatizo, nani anaiosha nguzo kila siku? Lakini kitu kinachosuguliwa, kinalowana, kinakauka, kinapigwa kwenye ukingo wa beseni kukung'uta unga, hiyo ngozi lazima ipasuke na ibanduke, na ikibanduka inakwenda wapi kama sio tumboni kwa watu.

Basi mchi wa pili nikaamua nimkomeshe kwa usafi. Hamna pete, hamna shingo, hamna vanishi. Urefu sentimita 38, unene milimita 30 toka mwanzo mpaka mwisho, nikapitisha kalipa, kile kipimo cha unene, kila baada ya vidole vitatu kuhakikisha. Msiokereza mtaona hii rahisi lakini mti mrefu mwembamba ulionyooka ndo mtihani wenyewe, maana ukiubana sana kwenye senta, zile ncha mbili zinazoushika mti, unapinda kama upinde, usipoubana unachezacheza, na ukifika katikati patasi inaanza kuruka, ile ta-ta-ta-ta, ukiangalia mti una michirizi inauzunguka kama nyoka. Dawa yake unaweka vidole vya mkono wa kushoto nyuma ya mti unausapoti, gumba liko juu ya patasi, na unakata kidogo kidogo. Vidole vinapata moto. Joto likizidi ujue unasukuma badala ya kukata.

Na kukata kwenyewe wanafunzi wanakosea hapa, wanaingiza makali moja kwa moja kwenye mti unaozunguka kama wanachoma mshikaki, kinachotoka ni vumbi na mti unabaki na makovu. Unatakiwa uanze na mgongo wa patasi, ile sehemu iliyonolewa nyuma ya makali, uilaze juu ya mti iwe inasugua tu bila kukata, halafu unyanyue mpini polepole, polepole, mpaka ghafla unaona utepe unaanza kutoka. Utepe mrefu, laini, unakuangukia mkononi una joto kidogo. Ukiona utepe umepatia. Mchi wa pili ulitoka wote kwa tepe, nikajivuna, nikautuma.

Shangazi akapiga. "Baba, chapati haizunguki."

Nikasema shangazi chapati inazungukaje? Akasema haizunguki, basi. Nikafikiri mama huyu uzee umeanza. Lakini ilikuwa karibu na Idd na nilikuwa nakwenda nyumbani anyway, nikasema ntaona mwenyewe.

Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya kibao. Akachukua donge, akalipaka unga, akachukua ule mchi wake wa zamani uliofungwa uzi. Akasukuma. Jamani, sijawahi kuangalia kitu hicho maishani mwangu na nimekula chapati za huyu mama miaka yote. Kila akisukuma, chapati inajigeuza kidogo, anasukuma tena inajigeuza, mkono wake haugusi chapati hata mara moja, anakandamiza upande mmoja kidogo zaidi ya mwingine na chapati inazunguka kwenye kibao kama sahani, mpaka imefika duara kamili. Halafu akachukua wangu ulionyooka kama bomba. Akasukuma, chapati ikaenda mbele. Akasukuma, ikaenda mbele zaidi. Imekuwa ulimi wa ng'ombe. Ikabidi aibandue, aigeuze kwa mkono, asukume, aibandue tena. Akaniangalia hakusema kitu.

Nikatoa kalipa mfukoni (ndiyo, natembea nayo, msinicheke) nikapima mchi wa zamani. Katikati milimita 31. Kwenye ncha 23. Kwa haraka huoni, ulikuwa umenona tumbo kidogo sana na kupungua kuelekea kwenye ncha zote mbili. Mara ya kwanza nilidhani umelika kwa kutumika, nikakaa nikafikiri, hapana, ungelika katikati kunakosukuma kila siku, sio pembeni. Kwa hiyo alieukereza aliufanya hivyo makusudi. Chukua glasi ya chai, ile pana juu na nyembamba chini, uilaze sakafuni uiviringishe. Haiendi moja kwa moja, inapinda, inataka kuzunguka. Nusu ya mchi ule ni glasi ile. Ukikandamiza upande wa kulia mchi unapinda na chapati inaufuata, ukikandamiza kushoto inageuka upande mwingine. Aliyeubuni sijui alikuwa nani, lakini alikuwa amekaa na mpishi, mimi nilikuwa nimekaa na kalipa.

Mchi wa tatu basi nikaupa tumbo. Kumbuka kukereza tumbo la milimita nne kila upande kwenye urefu wa sentimita 38 bila kuweka bonge ni kazi ya kujizuia, mkono wangu unataka kuonyesha kitu, unataka mtu akiangalia ajue fundi amepita hapa. Nilifanya minne nikatupa miwili. Nikaupitisha msasa namba 120 mpaka 320, laini kama shavu, sikupaka chochote. Huo nilimpa mtoto wa jirani yake aliyekuwa anarudi Tanga. Baada ya siku chache yule kijana ananitumia voisi ya shangazi, maneno matatu tu: "Mwambie aunyoe ndevu."

Hiyo niliielewa mara moja na kosa ni langu mia kwa mia, maana nalijua. Mti mkavu ukiupiga msasa, zile nyuzinyuzi ndogo zinalazwa chini zinatulia. Siku ya kwanza unaposhika maji zinasimama zote, mti ulikuwa laini jioni, asubuhi una ndevu, na donge linanasa. Kwa hiyo kifaa cha jikoni unakilowesha wewe mwenyewe karakana, unaacha kikauke kabisa, unapiga msasa mzuri tena, unalowesha tena, mara mbili au tatu mpaka zigome kusimama. Kwenye nguzo za ngazi hatufanyi hivyo kwa sababu vanishi inazifunga, ndo nikasahau.

Wa nne haukukataliwa. Wala simu haikuja. Nikasubiri wiki, wiki mbili, ikabidi nipige mwenyewe, tukaongea habari za mvua na za binamu anayeoa, nikaona sijaambiwa kitu nikauliza. Akasema, "Mchi? Aa, natumia. Sasa na kinu cha saumu vipi?"

Kinu cha saumu! Sasa hapo mnajua kinu kikubwa cha kutwangia sisi hatukerezi, kile kinachimbwa kwa tezo na moto na uvumilivu wa watu wengine. Lakini kidogo cha kitunguu saumu na pilipili kinaingia kwenye mashine vizuri. Unakifunga kwa skrubu kwenye sahani ya chuma, na unakichimba kuanzia katikati kuja nje, sio nje kwenda katikati kama bakuli, kwa sababu nyuzi za mti zinakuangalia zimesimama na ukienda kinyume zinang'oka. Nilipata kipande cha mkwaju, mgumu mno, kila baada ya dakika kumi nanoa patasi. Nikachimba, nikachimba, napendezewa na kina, mara nasikia krrrr. Skrubu. Nilisahau kuhesabu urefu wa skrubu toka chini, ikatokea ndani ya kinu kama jino, na patasi yangu ikapata pengo. Sikuweza kuokoa kitu pale, sasa hivi ni kifaa cha kuwekea kalamu.

Cha pili ndo kile umeme ulikatika niko katikati ya kazi. Nikaegesha patasi pale pale kwenye egemeo lake la mashine, ncha iko ndani ya kinu, nikaenda kunywa chai, swichi sikuizima. Mashine yetu ya kuunga wenyewe, mota ya kununua mtumba, puli na mkanda na vyuma vya engo vya kuchomelea, haina akili ya kujua kwamba mtu hayupo. Umeme uliporudi nikasikia mlio kama bati limepigwa jiwe, na kweli lilikuwa bati, kinu kimetoka kwenye sahani kimegonga paa kimerudi chini vipande viwili. Hamna aliyeumia, namshukuru Mungu. Wiki hiyo hiyo nikanunua swichi ya sumaku, ile umeme ukikatika inajiachia yenyewe na haiwaki mpaka uibonyeze. Kama una mashine ya kukereza na hauna hiyo swichi, acha kusoma hapa nenda kanunue.

Cha tatu kikakubali. Mchi wake mdogo nikautengeneza kwa kipande cha mpingo nilichopewa na mchongaji wa vinyago wa Mwenge hapa Dar, kilikuwa kwenye rundo la mabaki yake. Mpingo nilikuwa sijawahi kuukereza, mti unaotengenezewa klarineti na obo, zile ala za kupuliza za Wazungu, hauchaniki kwa tepe, unatoa kama unga wa kahawa, na ukiudondosha kwenye ndoo ya maji unazama moja kwa moja kama jiwe. Kwa kupondea saumu huhitaji nguvu, unauachia tu uzito.

Watu wakishaona hivi vitu wanauliza mbona hukerezi miko. Nilijaribu, na hapa tena shangazi. Mwiko wa ugali ubapa wake lazima uukate kwa msumeno na randa, mashine inajua duara tu, kwa hiyo nilikereza mpini ukawa duara safi na mbele nikabapisha. Akausongea ugali wa watu kumi, akanirudishia mchana ule ule. Ukisonga ugali mzito mpini wa duara unazunguka kiganjani, mwiko unalala, unakuwa unapigana na mwiko badala ya ugali. Mpini unataka kuwa wa yai kidogo ili mkono ujue upande. Nikakumbuka ujanja mmoja wa miguu ya viti, unahamisha senta. Unakereza mti kwanza kwenye katikati yake halisi, halafu unausogeza milimita tatu upande huu unakereza kidogo, unausogeza milimita tatu upande wa pili unakereza tena, ukiwa unazunguka unaona kama kivuli cha miti miwili, unakata kile kivuli tu. Ukisimamisha mashine umepata yai. Huo aliubeba bila neno, kwa hiyo najua umepita.

Mnaniuliza sana habari ya mafuta ya kupaka hivi vyombo vya mti kwa hiyo niseme. Alizeti hapana, nilipaka kibao kimoja kikawa kinanata kama karatasi ya nzi. Nazi safi inafaa, na nta ya nyuki ukiiyeyusha ndani ya mafuta ya nazi unapata kitu kizuri cha kupaka vibao na mipini, mimi nachukua nta ya Tabora. Mbao zenyewe, mvule siuweki jikoni, vumbi lake linaniwasha macho mpaka usiku, na hata mninga barakoa sivui. Mwembe ni mzuri na rahisi ila usubiri ukauke, niliwahi kukereza bakuli la mwembe mbichi, duara kamili, baada ya mwezi limekuwa yai, maana mti haupungui sawa pande zote, kufuata pete za umri unasinyaa karibu mara mbili ya kwenda kwenye kiini. Bakuli la yai halina shida kwa matunda. Kifuniko chake ndo hakikuingia tena.

Nilimpelekea shangazi kikopo cha ile nta na mafuta kwa ajili ya mchi. Akafungua, akanusa, akafunga. "Baba, mimi nasukuma chapati mikono imejaa mafuta. Unataka niupake nini tena?"

Idd iliyopita niliuangalia. Katikati umeanza kuwa na rangi ya chai. Ule wa kwanza wenye pete na vanishi nao nimeuona, umeegemezwa dirishani kuzuia lisijifunge na upepo, na kwa kweli pale umekaa vizuri. Nikiwa naaga akaniletea kipekecho chake cha mlenda kimevunjika meno mawili. Sasa hicho nimekiweka mezani mbele yangu wiki ya pili nakitazama. Kinazungushwa kati ya viganja, mbele na nyuma, na ndivyo kerezo la zamani la uta lilivyokuwa, kamba ya uta inauzungusha mti unakwenda unarudi, fundi anakata ukimjia, anaachia ukirudi. Mpini wake naona una unene tofauti juu na chini. Safari hii sijasema itachukua muda gani, nimemwambia tu nakuja Tanga Jumamosi, asinipikie kitu kingine, apike mlenda nimwangalie.